Mapitio ya huduma: kurekebisha giaboksi otomatiki ya C6 kwenye Ford F-250 ya 1979

Gereji ninayoipitia hapa inashughulika na giaboksi otomatiki peke yake, na hasa zile za kizazi cha kabla ya kompyuta, ambazo mafundi wengi wa siku hizi hawapendi hata kuzigusa. Niliwapelekea pikapu ya Ford F-250 ya mwaka 1979, yenye injini ya petroli ya silinda nane na giaboksi ya C6 ya gia tatu. Gia ya pili ilikuwa inachelewa kuingia mpaka injini ilie kwa nguvu, na ilipoingia iliingia kwa kishindo kilichotikisa gari zima. Gereji nyingine ilikuwa imekwisha kutoa hukumu kwamba giaboksi imekufa na kwamba dawa yake ni kuishusha na kuibadilisha nzima. Hawa hawakuishusha. Gari linatembea vizuri kwa giaboksi ileile, na namna walivyofika hapo ndiyo iliyonifanya niandike. Lakini yapo pia mambo machache ambayo hayakuniridhisha, na mtu anayefikiria kuwapelekea gari lake anastahili kuyajua.

Ubora wa huduma ya namna hii hauwezi kupimwa bila kuielewa giaboksi yenyewe. C6 ilianza kutumika katika magari ya modeli ya 1966, na Ford waliendelea kuifunga katika malori na pikapu zao mpaka katikati ya miaka ya 1990. Uwiano wa gia zake ni 2.46 kwa ya kwanza, 1.46 kwa ya pili na moja kwa moja kwa ya tatu. Hakuna kompyuta inayoamua lini gia ibadilike. Kazi hiyo imegawanywa kati ya gavana, iliyofungwa kwenye shafti ya kutokea na inayotoa presha ya oili kulingana na mwendo wa gari, na moduleta ya vakyumu, ambayo hupokea mvuto wa hewa kutoka kwenye manifodi ya injini (njia ya kupitishia hewa inayoingia kwenye silinda) na kuutumia kupima mzigo. Pamoja nazo ipo fimbo inayotoka kwenye akseleta, ambayo hulazimisha gia kushuka dereva anapokanyaga pedali mpaka mwisho.

Moduleta ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi huisahau. Ni kikopo kidogo cha bati kilichochomekwa sehemu ya nyuma ya giaboksi, ndani yake mna kiwambo cha mpira na springi. Injini inapounguruma taratibu, mvuto wa hewa huwa mkali, hukivuta kiwambo, na presha ya oili hubaki chini. Dereva anapokanyaga akseleta, mvuto hupungua, springi husukuma vali, presha hupanda, na klachi na bendi, yaani sehemu za ndani zinazobana ili gia ishike, hushika kwa nguvu inayolingana na mzigo. Mpira wa vakyumu ukipasuka au ukichomoka, basi, giaboksi hupokea taarifa kwamba gari limebeba mzigo mzito na linapanda mlima, hata kama liko tambarare na ni tupu. Hapo presha hupanda wakati wote, gia huchelewa kuingia, na zinapoingia huingia kwa kishindo. Mtu asiyejua hili husikia kishindo akadhani vyuma vimevunjika.

Jambo la kwanza lililonivutia katika gereji hii ni maswali waliyouliza kabla ya kushika spana. Fundi mkuu hakuuliza tu kama gari linasumbua. Alitaka kujua ni gia ipi hasa inayosumbua, kama rivasi inashika vizuri, kama ya tatu inateleza, na kama gari linafungwa mwendo na injini pale linapoteremka likiwa kwenye gia ya kwanza ya kuchagua kwa mkono. Maswali hayo yana maana kubwa kwa C6. Klachi ya kwenda mbele hufanya kazi katika gia zote za kwenda mbele, kwa hiyo ikiwa gari linateleza katika zote lakini rivasi ni nzima, shaka huangukia klachi hiyo. Klachi inayoshika gia ya tatu ndiyo hiyohiyo inayotumika katika rivasi, kwa hiyo zote mbili zikiteleza pamoja, ni lazima giaboksi ifunguliwe. Bendi, kwa upande wake, hushika katika gia ya pili peke yake, na bendi hiyo ndiyo sehemu pekee ya mshiko katika giaboksi hii inayoweza kurekebishwa kwa nje. Kwa kuwa gari langu lilikuwa na rivasi nzuri na ya tatu isiyoteleza, fundi alisema pale pale kwamba haoni sababu ya kushusha chochote mpaka apime. Maswali machache yalikuwa yameshaondoa nusu ya hofu iliyojengwa na hukumu ya gereji ile nyingine.

Kisha wakakagua oili, nao walifanya kwa utaratibu unaotakiwa. Gari liliendeshwa mpaka oili ikapata joto, likaegeshwa mahali palipo sawa, mguu ukiwa kwenye breki leva ikapitishwa taratibu katika nafasi zote na kurudishwa kwenye Park, na kijiti kikachomolewa injini ikiwa inaunguruma. Wapo wanaopima oili ya C6 injini ikiwa imezimwa, wakaona imezidi, wakaipunguza. Oili iliyo katika konveta, chombo kilichojaa oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, hurudi kwenye sampo, yaani beseni la oili lililo chini ya giaboksi, pale pampu inaposimama, na kipimo cha namna hiyo hudanganya. Oili ikizidi nayo ina madhara yake, kwa sababu gia zinazozunguka huipiga mpaka itoe povu, na povu lina hewa ambayo haiwezi kubana klachi. Fundi aliipaka kwenye karatasi nyeupe, akainusa, akanionyesha rangi yake: ilikuwa imekolea wekundu wa kahawia, lakini haikunuka kuungua na haikuwa na chembe nyeusi. Kama ingenuka kama kitu kilichoungua, alisema, mazungumzo yetu yangekuwa mengine.

Kipimo cha vakyumu ndicho kilichofichua tatizo la kwanza. Waliunga geji kwenye manifodi ya injini ikasoma inchi 18 za zebaki, kiwango cha injini yenye afya inapounguruma taratibu. Halafu wakaihamishia geji upande wa pili, mahali ambapo paipu ya chuma inayopita kando ya giaboksi hukutana na moduleta kwa kipande kifupi cha mpira, na hapo mshale haukufika hata 12. Tofauti hiyo haikuacha pa kubishania. Kipande hicho cha mpira, ambacho hakizidi urefu wa kidole, kilikuwa kimekauka kwa joto la ekzosi na kupasuka upande wa juu usioonekana mpaka uingie chini ya gari na kioo. Kabla ya kukibadilisha, walichungulia ndani yake kuona kama kuna oili. Mpira ulikuwa mkavu, ishara kwamba kiwambo cha moduleta hakijatoboka. Kingekuwa kimetoboka, injini ingekuwa inavuta oili ya giaboksi na kuichoma, na tungeona moshi mweupe kwenye ekzosi pamoja na oili inayopungua bila kuvuja popote. Hawakutosheka na kuangalia tu, bali waliunga pampu ndogo ya mkono kwenye moduleta, wakavuta, na kusubiri kuona kama mshale utashuka. Haukushuka. Moduleta ikabaki ileile, jambo ambalo nalitaja kwa heshima, kwa kuwa gereji inayouza vipuri ingeweza kabisa kuniambia niibadilishe na nisingekuwa na njia ya kupinga.

Baada ya kubadilisha mpira, kishindo kilikwisha na hata mtikisiko mdogo wa injini wakati wa kusimama ukapotea, maana hewa iliyokuwa ikiingia kwa ule ufa ilikuwa inaivuruga injini pia. Lakini likatokea jambo ambalo mteja asiyeelezwa angelihesabu kuwa ni uharibifu mpya: gari likiendeshwa kwa upole, kati ya gia ya kwanza na ya pili mvumo wa injini ulipanda ghafla kwa muda mfupi bila gari kuongeza mwendo, ndipo gia ya pili ikashika. Fundi alikuwa ametuonya mapema kwamba huenda likatokea. Maelezo yake ni kwamba bendi ilikuwa imelegea kwa miaka mingi ya kuchakaa, lakini presha kubwa isiyo ya kawaida ilikuwa inaibana kwa nguvu kiasi kwamba ulegevu haukuonekana. Presha iliporudi mahali pake, ulegevu ukajitokeza. Kasoro moja ilikuwa inaificha nyingine. Katika huduma nzima, hapa ndipo ujuzi wao ulipoonekana wazi zaidi, kwa sababu fundi wa kubahatisha akifika hatua hii hushawishika kuongeza presha tena kwa kukaza skrubu ndogo iliyo ndani ya mdomo wa baadhi ya moduleta. Mzunguko mmoja wa skrubu hiyo hubadilisha presha kwa takriban pauni 2 hadi 3 kwa inchi ya mraba, na mtu anaweza kuizungusha mpaka dalili ipotee huku chanzo kikiachwa kama kilivyo. Gereji hii ilikataa kufanya hivyo na kwenda moja kwa moja kwenye bendi.

Niliruhusiwa kusimama chini ya gari wakati wa kazi hiyo, nami niliifuatilia kwa karibu. Bendi ni ukanda wa chuma uliobandikwa kitambaa cha kushika upande wa ndani, unaozunguka dramu. Ncha yake moja husukumwa na pistoni ya oili na ncha ya pili huegemea skrubu inayotokea nje ya kasha, upande wa kushoto kuelekea mbele. Fundi alianza kwa kusugua eneo lote kwa brashi ya waya na kulifuta, maana uchafu wa miaka mingi ukiingia pale nati inapolegezwa huishia kwenye vali. Nati ya kufungia aliitoa na kuitupa, akaweka mpya, kwa kuwa ndiyo inayoziba oili na ya zamani haizibi mara ya pili kwa uhakika. Kisha akaikaza skrubu kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, mpaka futi-pauni 10, yaani karibu Nyutoni-mita 13.6, akatia alama ya chaki kwenye kichwa chake na kwenye kasha, akairudisha nyuma mzunguko mmoja na nusu kamili, na huku akiishikilia isicheze akakaza nati kati ya futi-pauni 35 na 40.

Kazi yote hiyo ni fupi, lakini ina mahali pa kuharibu. Skrubu ikirudishwa nyuma kupita kiasi wakati wa kuilegeza, kipande kidogo cha chuma kinachokaa kati yake na bendi kinaweza kuanguka ndani, na hapo kazi ya kurekebisha kwa nje hugeuka kuwa kazi ya kufungua sampo na kushusha bodi ya vali, sehemu inayogawa oili ndani ya giaboksi. Ikirudishwa pungufu ya mzunguko mmoja na nusu, bendi hubaki ikigusa dramu katika gia ambazo haitakiwi, huungua, na kuchafua oili yote. Ndiyo maana ile alama ya chaki ilinifurahisha. Mafundi wengi huhesabu mzunguko kwa macho.

Baada ya bendi walikagua fimbo ya akseleta ya kushusha gia, wakahakikisha inarudi mpaka mwisho pedali inapoachwa; ikikwama nusu, giaboksi hukaa katika hali ya kulazimisha gia ya chini na kuchelewesha zile za juu, dalili inayofanana sana na ile ya mpira uliopasuka. Yangu ilikuwa sawa.

Kumwaga oili ni sehemu nyingine waliyoifanya kikamilifu kuliko nilivyozoea kuona. Sampo ya C6 mara nyingi haina nati ya kumwagia, kwa hiyo bolti zake 17 hulegezwa kwa mpangilio ili upande mmoja uiname na oili imwagikie kwenye beseni. Gereji nyingi huishia hapo, hubadilisha chujio na gasketi, hujaza tena na kumwambia mteja kwamba oili ni mpya, ilhali giaboksi hii huchukua zaidi ya lita 11 kwa jumla na sehemu kubwa ya hizo imo katika konveta. Konveta za Ford za miaka ile zilikuwa na nati yake ya kumwagia, inayofikiwa kwa kufungua kifuniko kidogo cha chini na kuizungusha injini kwa spana mpaka nati ijitokeze. Walifanya hivyo, na oili iliyotoka humo ilikuwa nyeusi kuliko ile ya sampo. Kabla ya kurudisha paipu walipitisha oili safi katika njia za kupoozea zinazopita kwenye rejeta, ili uchafu uliojificha humo usirudi ndani.

Sampo yenyewe waliniwekea kando niione kabla ya kuiosha, na naomba kila mteja adai kitu hicho. Utope laini wa kijivu uliotanda chini kwa wembamba ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa kwa rangi ya dhahabu hutoka kwenye bushi na washa za ndani, na vipande vyeusi vinavyomeguka kwa vidole ni kitambaa cha klachi au cha bendi. Yangu ilikuwa na ule utope tu.

Katika uchaguzi wa oili pia walikuwa makini. Giaboksi za Ford za miaka ya 1960 na ya mwanzo wa 1970 zilitaka oili ya Type F, isiyo na viungo vya kulainisha mshiko. Za baadaye zilihamia kwenye oili za aina ya Dexron, na Ford wenyewe wakaja na Mercon katika miaka ya 1980. Kwa kuwa gari la mwaka 1979 linaweza kuwa limefungwa giaboksi ya gari la miaka ya nyuma yake, hawakuamua kwa mwaka wa gari peke yake, bali walisoma maandishi kwenye kijiti na kwenye kibati cha namba kilichofungwa kwenye giaboksi, wakaweka oili ya aina ya Dexron na Mercon.

Sasa mapungufu. La kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba hawakuniandikia vipimo. Nilikabidhiwa stakabadhi inayosema giaboksi imerekebishwa, basi. Usomaji wa vakyumu kabla na baada, presha ya oili injini ikiwa taratibu na ikiwa imekanyagwa, na idadi ya mizunguko ambayo skrubu ya bendi iliingia kabla ya kufika futi-pauni 10, vyote vilisemwa kwa mdomo tu. Hiyo ya mwisho ni muhimu mno, maana inaonyesha kitambaa cha bendi kimebaki kiasi gani. Anayerudi na gari baada ya muda mrefu, au anayeliuza, angefaidika sana na namba hizo zikiwa kwenye karatasi. Gereji inayopima kwa uangalifu kiasi hiki haina sababu ya kutupa kazi yake hewani.

La pili ni jaribio la barabarani. Walilijaribu gari likiwa tupu, na likiwa tupu lilikuwa zuri kabisa. Pikapu ya aina hii hununuliwa kwa ajili ya kubeba, na moduleta huonyesha tabia yake halisi pale mzigo unapokuwepo na kilima kipo mbele. Nilipolipakia baadaye niliona gia ya tatu inaingia mapema kidogo kuliko ninavyotaka wakati wa kupanda. Halikuwa jambo la kutisha, na walilirekebisha kwa robo tatu ya mzunguko wa skrubu ya moduleta nilipolirudisha, baada ya kupima kwanza na kuhakikisha kwamba vakyumu na bendi viko sawa. Lakini lingegundulika siku ya kwanza kama wangelipakia mzigo. Pia walinieleza kuhusu oili sili ya leva ya gia iliyoanza kulowana, wakaacha uamuzi kwangu; ningependelea waibadilishe wakati sampo iko chini.

Nawapendekeza bila wasiwasi kwa mwenye lori au pikapu ya zamani ambayo gia zake zinachelewa, zinagonga, au zinaruka kati ya ya kwanza na ya pili, mradi oili hainuki kuungua na rivasi inashika. Kwa giaboksi iliyokwisha kuungua klachi, marekebisho ya nje hayatasaidia kitu, na kwa haki ni lazima niseme kwamba wao wenyewe husema hivyo mapema: nikiwa pale walimwambia mwenye lori moja, ambalo rivasi na gia yake ya tatu vilikuwa vinateleza pamoja, kwamba hawatachukua fedha yake kwa ajili ya kukaza bendi isiyohusika, na kwamba giaboksi hiyo ishushwe, ifunguliwe, na konveta yake ibadilishwe badala ya kuoshwa, kwa sababu masalia ya kitambaa kilichoungua hukaa ndani yake na hurudi kuziharibu klachi mpya.